Kombaini kuukuu: pesa imelala kwenye vipuri

Na Mwandishi wa Masoko

UNAPOFIKA mwezi wa Julai na ngano ya Karatu, Monduli na Hanang ikaanza kukauka shambani, bei inayoulizwa na kila mtu ni ya gunia. Wiki hii ukurasa huu unauliza bei nyingine, ambayo haiandikwi kwenye ubao wa soko lolote: bei ya siku moja ambayo kombaini imesimama katikati ya shamba kwa kukosa kipuri.

Tuchukue hesabu ya mfano. Kombaini yenye ubao wa kukatia wa futi 14, ikitembea kilomita nne kwa saa na kupoteza theluthi moja ya muda katika kugeuza na kupakua, huvuna ekari kama 20 kwa siku ya saa nane. Mwenye mashine akitoza Sh. 60,000 kwa ekari (msomaji aweke bei ya kwao), kila siku ya kazi ina thamani ya Sh. 1,200,000. Beringi ya Sh. 15,000 ikivunjika Alhamisi jioni na nyingine ikafika Jumatatu asubuhi, zimekwenda siku tatu na Sh. 3,600,000. Hapo tumehesabu upande wa mwenye mashine peke yake. Mwenye shamba naye ana punje zinazopukutika, ndege, na mvua isiyobisha hodi.

Kwa hesabu hiyo mtu angetegemea kwamba biashara ya vipuri vya kombaini ingekuwa imejaa washindani. Haijajaa. Duka la vipuri vya matrekta utalipata karibu kila mji wa wakulima, lakini ukiuliza konkevu au mkanda wa feni ya kombaini, muuza duka anakutazama kama umemwuliza kipuri cha ndege.

Sababu moja ni ya kihistoria. Ngano ya Hanang ilipanuliwa tangu mwaka 1970 kwa ushirikiano wa Tanzania na Canada, na mashamba saba makubwa yakawa chini ya Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, NAFCO. Mashamba yale yalikuwa na karakana, stoo na mafundi wake. Ubinafsishaji ulipokuja, mengine yakagawiwa wananchi na mengine yakapata wawekezaji. Aina ile ya stoo kubwa ya pamoja haipo tena, na kila mwenye kombaini amebaki kuwa stoo ya peke yake, yaani sanduku moja chini ya kiti cha dereva. Ng'ambo ya mpaka, Narok na Uasin Gishu, watu binafsi ndio waliozoea kukodishana mashine, na mashine huhama kufuata mavuno. Huko nako mzee wa miaka 30 au 40 bado anapelekwa kazini.

Jina kwenye bati na jina kwenye ankara

Tatizo la kwanza la mnunuzi ni kujua amwandikie nani. Mashine imeandikwa jina moja ubavuni, lakini kampuni iliyoiunda ilikwisha kuuzwa, wakati mwingine mara mbili au tatu.

Massey Ferguson ni mfano mzuri. Jina hilo lilitokana na kuungana kwa Massey-Harris na Ferguson mwaka 1953. Mwaka 1986 kampuni mama ikabadili jina kuwa Varity, na kitengo cha kombaini kikatengwa kuwa kampuni yake. Kampuni hiyo ikafilisika mwaka 1988, na ndiyo iliyokuwa na kiwanda cha Brantford, Canada, kilichounda zile kubwa za 760 na 860. Massey Ferguson yenyewe ikanunuliwa na AGCO ya Marekani mwaka 1994. Kwa hiyo mwenye MF ya zamani huuliza AGCO, lakini ni vizuri ajue kwanza kama mashine yake ilitoka Canada au Ulaya, kwa sababu vitabu vya vipuri havilingani hata pale ambapo rangi nyekundu ni ileile.

New Holland ilinunuliwa na Ford mwaka 1986, Fiat wakaichukua mwaka 1991, na mwaka 1999 ikawekwa nyumba moja na Case IH chini ya CNH. Mwenye International Harvester ya zamani, ambaye wengi wanamwona yatima, naye anaangukia humohumo. Deutz-Fahr ilikwenda kwa SAME ya Italia mwaka 1995. Laverda, pia ya Italia, iliingia kwa AGCO kwa hatua kuanzia mwaka 2007. Walio na unafuu ni wenye John Deere na Claas: jina lililoandikwa kwenye bati ndilo hilohilo lililoko kiwandani hadi leo.

Kabla ya kupiga simu popote, mwenye mashine aende na brashi ya waya na kitambaa chenye dizeli, asugue kibati cha namba ya mashine mpaka isomeke, kisha aipige picha. Afanye hivyohivyo kwa kibati cha injini na cha ubao wa kukatia, kwa sababu mara nyingi ubao una namba yake. Kuagiza kipuri kwa kutaja "kombaini ya njano, ya zamani kidogo" ni kujinunulia safari ya pili.

Namba ya ulimwengu mzima

Hapa ndipo mfanyabiashara mdogo anapoweza kupata chake, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Sehemu kubwa ya vitu vinavyoharibika kwenye kombaini havikuundwa na mwenye kombaini. Beringi, mikanda, cheni na sili za mafuta vilinunuliwa kutoka viwanda vingine, vikafungwa, kisha vikapewa namba ya kipuri ya kampuni. Wakala anakuuzia kwa namba hiyo na kwa bei ya namba hiyo. Lakini ukifuta grisi, beringi yenyewe ina namba nyingine iliyogongwa na kiwanda chake, na namba hiyo inafahamika Gerezani, Kirinyaga Road na Shanghai vilevile.

Chukua beringi ya 6206. Tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata tundu la shimo: 30 milimita. Upana wa nje ni 62 na unene 16. Herufi 2RS zinazofuata zinaonyesha kwamba ina mfuniko wa mpira pande zote mbili, na kwenye vumbi la makapi mfuniko huo ndio uhai wake. Fundi anayekuuzia iliyo wazi kwa kuwa "ni ileile" amekupunguzia bei leo na kukuletea kazi nyingine kabla msimu haujaisha.

Mtego mkubwa uko kwenye mashine za Marekani na Canada. Shafti zake nyingi zimepimwa kwa inchi. Beringi ya UC 205 ina shimo la milimita 25, lakini UC 205-16 ina shimo la inchi moja, yaani milimita 25.4. Kwa macho ni pacha. Ya milimita haiingii kwenye shafti ya inchi, na huo ndio usalama wako. Lakini ya inchi inaingia vizuri sana kwenye shafti ya milimita 25, inafungwa, inachezacheza kwa nusu milimita kasoro, na baada ya siku chache shafti imeliwa. Hapo kipuri cha bei ndogo kimegeuka kuwa shafti, puli na siku mbili za fundi kerezo.

Mikanda nayo ina lugha yake. Herufi A ni mkanda wenye upana wa milimita 13 kwa juu, B ni 17, C ni 22. Namba inayofuata kwenye mikanda ya kawaida ni urefu wa ndani kwa inchi, kwa hiyo B 85 ni inchi 85. Mikanda iliyokusudiwa mashine za kilimo huandikwa HA, HB au HC. Umbo ni lilelile lakini imejengwa kustahimili mishtuko na puli za kukazia zinazoibana kwa mgongoni. Wanaofunga mkanda wa mashine ya kusaga kwenye kombaini hushangaa kwa nini haumalizi msimu. Ukitaka kupima urefu, usipime mkanda wa zamani uliokwisha kuvutika. Zungusha kamba ngumu kwenye puli zenyewe, puli ya kukazia ikiwa imelegezwa karibu na mwanzo wa njia yake, kisha pima kamba. Na pale inapofungwa mikanda miwili au mitatu sambamba, yote ibadilishwe siku moja. Mpya mmoja kati ya wazee wawili utabeba mzigo wote mwenyewe.

Cheni za kawaida hufuata vipimo viwili, cha Kimarekani na cha Kiingereza. Namba 50 ya Marekani na 10B ya Ulaya zote zina pingili za nafasi ya thuluthi tano za... hapana, za sehemu tano za nane za inchi, lakini upana wa ndani haulingani sawasawa, na kuzichanganya ni kuzila gia. Cheni ya lifti inayovuta mazao kutoka kwenye ubao kwenda kwenye dramu ni aina nyingine kabisa, na kwenye mashine nyingi utakuta imegongwa CA 550. Hiyo pia hupatikana bila kumpitia mwenye kombaini.

Lakini upo mkanda mmoja ambao hauna mbadala wa mtaani: ule mpana unaobadilisha mwendo wa mashine au kasi ya dramu bila kubadili gia. Huo una umbo lake kwa kila aina ya mashine. Mwenye kombaini akiwa na pesa ya kipuri kimoja tu cha akiba, sisi tungemshauri anunue huo.

Injini ni tatizo dogo kuliko inavyodhaniwa

Mwekezaji mgeni huogopa injini. Kwa kweli injini ya kombaini ya zamani ndiyo sehemu rahisi kuhudumia, kwa kuwa mara nyingi ina ndugu barabarani. Kombaini kadhaa za Massey Ferguson zilitumia Perkins 6.354, injini ya inchi za ujazo 354 iliyoanza kuuzwa mwaka 1960 na kufungwa kwenye malori, boti na mashine za kila namna. Baadhi ya Claas Dominator zilifungwa Mercedes OM 352, jamii ya ile iliyoendesha malori ya 1113. Fundi yeyote mzee wa malori anazijua hata akiwa amefumba macho. Pistoni, ringi, gasketi na pampu za maji za injini hizo bado zinatengenezwa na viwanda vya vipuri mbadala.

Kinachoua injini hizi ni joto. Rejeta huzibwa na makapi, dereva anaona mshale umepanda, anaendelea kwa sababu imebaki "raundi moja tu". Dawa ni upepo wa kompresa kila asubuhi na chandarua kisafishwe mchana. Kazi hiyohiyo ya kusafisha ndiyo kinga ya moto, maana makapi makavu yaliyolala juu ya manifoldi, karibu na waya wa betri uliochunika, hayahitaji kiberiti. Mtungi wa kuzimia moto uwe mahali ambapo mtu aliye chini anaufikia.

Cha kuchonga na cha kununua

Karakana za Unga Limited mjini Arusha, za Nakuru na za Eldoret zinaweza kufanya mengi. Shafti inakerezwa, bushi inachongwa, bati la chini ya skrubu ya nafaka linakatwa na kuchomelewa, tangi linazibwa. Kwa vitu hivi hakuna sababu ya kulipa usafiri wa kutoka Ulaya.

Lakini dramu haichezewi. Dramu ya kupurilia ngano huzunguka kati ya mara 800 na 1,100 hivi kwa dakika, kulingana na ukubwa wake. Vile vyuma vya mistari vilivyofungwa juu yake vikiisha, vibadilishwe kwa jozi zinazotazamana, kimoja upande huu na mwenzake upande wa pili, ili uzito ubaki sawa. Anayebadilisha kimoja kilichopinda na kuacha kilichochakaa upande wa pili atasikia mashine yote ikitetemeka, na beringi za dramu zitamweleza kilichobaki. Kuchomelea chuma cha kuokota mahali pa kile cha asili ni kuhatarisha mtu.

Desturi nyingine inayokula pesa ni ya kufunga klachi za usalama. Klachi hizi zimewekwa ili ziteleze pale jiwe au tonge la majani linapokwama. Springi ikichoka klachi inateleza ovyo, dereva anakereka, fundi anaichomelea isiteleze tena. Kazi inaonekana imekwisha, mpaka siku jiwe la kweli linapoingia. Springi ni ya bei ya mchana mmoja wa chakula cha vibarua, na shafti ya lifti unaijua bei yake.

Visu vya ubao havina siri. Nafasi kati ya kisu na kisu ni inchi tatu, kwa hiyo ubao wa futi 14 una visu kama 56. Ni bidhaa ya duka yenye mzunguko wa haraka, inayoharibika kila msimu na isiyohitaji nafasi kubwa. Ajabu ni kwamba maduka mengi huiishiwa Agosti, mwezi ambao ndiyo inatafutwa.

Kununua maiti

Njia ambayo wenye mashine nyingi wameizoea ni kununua kombaini ya pili ya aina ileile, isiyotembea, na kuichinja. Hesabu yake ni nzuri iwapo mashine hizo mbili ni pacha kweli, na iwapo ile mbovu ilikufa kwa ugonjwa tofauti na unaoisumbua hii yako. Wawili waliokufa kwa giaboksi hawasaidiani.

Kwa anayetaka kununua inayotembea ili aikodishe, asidanganywe na rangi. Aifungue milango ya ubavuni, aingize mkono kwenye konkevu na kupapasa kingo: zikiwa kali bado zina maisha, zikiwa za mviringo ngano itatoka na maganda. Apande nyuma atazame vitikisa-majani kama vina nyufa kwenye kona. Atazame chini ya skrubu na elevata, mahali nafaka inapopita, kama bati limekuwa jembamba kama karatasi. Kisha aombe ifungwe shambani na ivune, hata nusu ekari.

Hapo ndipo apime upotevu, na kipimo hakihitaji chombo. Punje 1,000 za ngano zina uzito wa gramu 40 hivi. Kwa hiyo punje 250 zilizoanguka kwenye mita moja ya mraba ni gramu 10, sawa na kilo 100 kwa hekta au kilo 40 kwa ekari, karibu nusu gunia. Ahesabu kwanza punje zilizokuwa zimepukutika kabla mashine haijapita, azitoe. Na akumbuke kwamba zinazotoka nyuma huangukia kwenye ukanda mwembamba wa majani, wakati zimetoka kwenye upana wote wa ubao. Ukanda ukiwa theluthi ya ubao, hesabu ya pale igawanywe kwa tatu. Mwenye shamba anayekodi mashine kwa bei poa ya kila ekari bila kuhesabu punje huenda amelipa zaidi kuliko jirani yake.

Forodhani

Mfanyabiashara anayeleta mzigo aangalie jinsi ankara yake inavyoandikwa. Katika orodha ya ushuru wa pamoja inayotumiwa na nchi za Afrika Mashariki tangu Umoja wa Forodha ulipoanza Januari 2005, kombaini iko kwenye kifungu 8433.51 na vipuri vyake hasa kwenye 8433.90. Lakini kanuni za mpangilio huo haziruhusu kila kitu kilichofungwa kwenye kombaini kuitwa kipuri cha kombaini. Beringi ina kifungu chake, 8482. Mkanda wa mpira uko 4010. Cheni iko 7315. Injini ya dizeli iko 8408. Kila kimoja kina kiwango chake, na viwango vinaweza kuguswa katika bajeti za Juni. Ankara iliyoandikwa "vipuri vya kombaini, kontena moja" ni mwaliko wa mabishano, na kila siku ya mabishano kontena linadaiwa kodi ya bandarini. Mwombe muuzaji aorodheshe kila aina kwa mstari wake tangu siku ya proforma, kisha mpe wakala wako wa forodha aisome kabla hujatuma fedha.

Kalenda ya mzigo

Mashine iliyomaliza kazi Septemba hupumzika miezi mingi, na huo ndio wakati wa kuitengeneza. Ioshwe nafaka yote itoke, maana punje zinaita panya na panya hukata waya. Mikanda ilegezwe au ivuliwe, mikono ya haidroliki irudishwe ndani, sehemu zinazong'aa zipakwe mafuta, mashine iinuliwe kwenye magogo ili matairi yasibebe uzito. Orodha ya vilivyochakaa iandikwe siku hiyohiyo, dereva akiwa bado anakumbuka kilichokuwa kinapiga kelele.

Orodha ikiandikwa Oktoba, kipuri kinaweza kuja kwa meli. Ikiandikwa Juni, kitakuja kwa ndege. Mwenye duka la Karatu au Narok anayetaka kuingia biashara hii kwa mtaji mdogo atazunguka kwa wateja kumi mwezi huo wa Oktoba, akusanye namba za beringi, mikanda na cheni, na kuagiza zile zilizojitokeza zaidi ya mara mbili. Vya Massey vitamtoka haraka pale Massey zilipo nyingi. Pale mashine zimechanganyika, abaki na beringi, visu na mikanda ya B na C, aachane na konkevu. Wa mpunga, Mbeya na Morogoro, wana soko lao la kombaini ndogo za minyororo ya mpira, ambalo vipuri vyake ni habari nyingine kabisa na tutaitazama kwenye toleo lake.